Tupeane uzoefu: jina la mwanao alilitoa nani?

Assalamu alaikum. Binti yangu alizaliwa hapa Chake Chake miaka mitatu iliyopita, na mama mkwe alitarajia kwamba ataitwa Mwanakombo, jina la marehemu mama yake. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshakubaliana juu ya Ilham, tulilolipenda kwa maana na kwa sauti yake. Siku ya saba, nywele ziliponyolewa na mbuzi wa akika akachinjwa, likatangazwa Ilham. Mama mkwe hakusema neno, lakini hadi leo hajawahi kulitamka jina hilo. Humwita mjukuu wake "somo ya mama", yaani mwenye jina moja na mama yake, na mtoto huitika. Naomba tusimuliane: kwenu jina alilitoa nani, na wazee walilipokeaje?

Kutoka Makunduchi:
Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Katika zama zetu jina lilieleza ulivyokuja duniani: Juma alizaliwa Ijumaa, Khamis Alkhamisi, Haji mwezi wa Mfunguo Tatu, Mwanaidi siku ya Idi. Mimi niliitwa Mtumwa, kwa sababu watoto watatu walionitangulia walifariki wakiwa wachanga, na mama aliamini kwamba jina dhalili litanikinga na husuda. Hata Siti binti Saad wa Fumba, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri mwaka 1928, alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Siti lilikuja baadaye. Wajukuu wangu huona haya kulitaja jina langu mbele ya wenzao. Siwalaumu, ila ningependa wajue kwamba ndani yake mna machozi ya mama aliyekwisha kuzika watoto watatu.

Kutoka Mjini, Unguja:
Sisi tulitaka kuwaridhisha wote, tukajitia mashakani. Kadi ya kliniki iliandikwa Vuai, jina la baba yangu, na cheti cha kuzaliwa kikaandikwa Aiman, alilolichagua mke wangu. Mtoto alipofika umri wa kuanza skuli, karatasi hizo mbili hazikukubaliana, nami nikaenda kwa sheha na ofisini mara nyingi kabla ya kurekebishwa. Kwa hivyo kubalianeni mapema, kabla karatasi ya kwanza haijaandikwa. Faraja yangu ni kwamba kwetu mtu huandikwa majina matatu, lake, la baba na la babu, kwa hivyo Vuai limo vilevile mwishoni mwa jina la mwanangu.

Kutoka Wete:
Hayo ya kaka wa Mjini ni kweli kwa majina ya wanaume tu. La babu litajiandika lenyewe, lakini la bibi halimo katika cheti chochote cha wajukuu wake. Mwanakombo, Kazija, Mize, Bikombo: haya yasipopewa watoto kwa makusudi, hayana njia nyingine ya kubaki. Nadhani ndilo linalomuuma mama mkwe wako, dada yangu, kuliko kutolipenda jina la Ilham.

Kutoka Chake Chake:
Sikuwahi kulitazama jambo hili kwa upande huo. Leo baada ya Magharibi nimemuuliza mama mkwe, kwa mara ya kwanza, Mwanakombo alikuwa mtu wa namna gani. Isha imeshapita na bado anasimulia, na Ilham amelala mapajani mwake.