Grupu la ukoo: video ya mzee wa Lazarus

Dogo: Jamani nani kaifungua ile video niliyorusha jana usiku

Shangazi Ligula: Mimi, na we mtoto unatutafutia presha!! Mzee kalala kitandani kafungwa bendeji usoni halafu pale penye macho pana vifungo, mjukuu kaitupa simu kakimbilia uani

Dogo: 😂😂 pole shangazi. Ndo David Bowie huyo, mwanamuziki wa rock wa Uingereza, wimbo Lazarus, umo kwenye albamu yake ya mwisho Blackstar. Video ilitoka tarehe 7 Januari 2016, albamu tarehe 8 siku anatimiza miaka 69, tarehe 10 kafariki. Kansa ya ini, kaumwa mwaka na nusu watu hawajui

Mama Zuu: Innalillahi. Kaacha mke?

Dogo: Iman, yule mwanamitindo Msomali

Shangazi Ligula: Kumbe shemeji yetu!! Matanga walikaa wapi

Dogo: Hamna matanga, alichomwa bila shughuli yoyote

Shangazi Ligula: 🙆🏾‍♀️ Astaghfirullah. Naenda kuswali mie

Njomba Mikindani: Mimi rock siiwezi makelele yale ila hii nairudia tu kwa ajili ya saksafoni, nani anapuliza hivyo

Dogo: Donny McCaslin njomba, mtu wa jazi. Bowie alienda kumsikiliza kwenye kibaa New York, akambeba na bendi yake wakaingia studio

Njomba Mikindani: Basi huyo mzee kanikosha. Ana jina toka enzi hizo angeweza kupiga zilipendwa zake watu wakanunua vilevile, yeye na maradhi yale anaenda kujifunga na watu wa jazi aanze upya, wazee wetu wa dansi wangapi wanathubutu

Mama Zuu: Ila wimbo wa kwanza kwenye hiyo albamu hauishi, nimekuna nazi nikachuja bado anaimba

Dogo: Karibu dakika 10 ule 😂

Kaka Dar: Alikuwa anaaga tu, alijua anakufa

Njomba Mikindani: Sikubaliani

Dogo: Prodyuza wake Tony Visconti aliiita albamu hii zawadi ya kuaga. Ila huyohuyo kasema kama wiki moja kabla ya kifo Bowie alimpigia anataka warekodi nyingine

Njomba Mikindani: Enheee! Sasa mtu anaaga huku anapanga kurudi studio? Mzee alikuwa kazini yule

Kaka Dar: Haya njomba umeshinda

Shangazi Ligula: Nimerudi. Shemeji kaolewa tena?

Dogo: Hapana, alisema hataki tena

Shangazi Ligula: Anajielewa. Haya korosho mnadani leo zimeenda bei gani, maana hapa nasikia maneno tu