Hiki kiprogramu "chepesi" cha picha kimenifutia harusi ya watu!!!

Wakuu salamu baadaye, naandika mikono inatetemeka. Kile kiprogramu cha kuangalia picha, mnakijua, sina haja ya kukitaja, kile mnachokisifia humu kila siku eti chepesi, eti kinafunguka kabla hujatoa kidole kwenye mausi, eti hata laptopu ya RAM 2 kinaibeba, leo kimenifutia harusi. HARUSI nzima. Ya watu.

Jana nilikuwa Tegeta, nimerudi saa nane usiku, picha 1,412 kwenye kadi, na bibi harusi anataka hamsini za haraka asubuhi arushe. Nikachomeka kadi, nikabana Control na A nione zote zina ukubwa gani kama zitaingia kwenye diski, maana diski yangu imejaa mpaka inahema. Hazikutosha. Sawa, nikasema nichambue kwanza hukohuko kwenye kadi, nikafungua ya kwanza ikajaa skrini: MC kafumba macho, mdomo umejaa pilau, punje imeganda kwenye kidevu. Nikabonyeza Delete.

Skrini ina picha MOJA. MC mmoja, pilau moja. Hakikuuliza una uhakika, hakikuuliza chochote, pale chini kushoto kwa maandishi ya sisimizi kikaandika faili 1,412 zimefutwa. Kumbe zile nilizoselekti mwanzo kilikuwa bado kimezishikilia moyoni! Mimi naona MC, chenyewe kinaona ukoo mzima! Na kwa kuwa ni kadi, hata kapu la taka haziendi, zimepita moja kwa moja.

Kuna picha ya bibi yake bibi harusi kashika ncha ya shela anajifutia machozi nayo. Frem moja tu, sikupata nyingine. Hiyo nayo imeenda na pilau la MC.

Aliyetengeneza hiki kitu hajawahi kupiga picha hata ya kuku. Picha moja kwenye skrini, unafuta 1,412?? MOJA!

Lensi Kavu: Pole sana mkuu. Mimi kilinikomesha kwenye kugeuza, kila ukigeuza picha kinasevu juu ya orijino bila kukuambia, JPEG inakandamizwa upya, nimegeuza mara nne ngozi ya mtoto wa ubatizo ikawa vigae vya chooni.

Chaga Bite: Mpiga picha gani anachambua kwenye kadi yenyewe bila kukopi kwanza? Hapo programu haina kosa, wewe ndo umekata tawi ulilokalia.

Mleta uzi: @Chaga Bite nimesema diski imejaa, soma uzi. Na hata kama ningekopi, picha kwenye skrini ilikuwa MOJA. Nijibu hilo tu.

Chaga Bite: Nimesoma. Pilau lilikuwa la nyama au la kuku?

Dada Shata: Acheni utani mtu ana harusi ya watu. Kaka toa hiyo kadi SASA HIVI usipige nayo hata picha moja. Kufuta hakuondoi picha, kunaweka alama tu kwamba nafasi iko wazi, ukiandika kitu juu ndo basi tena. Azima diski kwa jirani, shusha PhotoRec, ni bure, itaokota. Usiisevie humohumo kwenye kadi. Majina ya faili yatapotea ila picha utazipata.

Mleta uzi: Asante dada, naenda kwa jirani.

Mzee wa Filamu: Watoto mnahangaika. IrfanView iko tangu 1996 mimi natumia hiyo.

Kilo Mbili: Mzee wewe una mafaili ya JPEG tu. Sisi tuna RAW, faili ghafi za kamera. Hivi viprogramu vyepesi vinaonekana vina kasi kwa sababu havifungui RAW yenyewe, vinakuonyesha kile kijipicha kilichofichwa ndani, ndo maana unaona kali ukienda kuedit unakuta imeungua.

Mama Albamu: Mimi bado nalilia Picasa. 2016 Google wakaiua hivihivi, nyuso zote za familia nilizozipa majina mpaka leo sijapata mfano wake.

Mleta uzi: Imeshaokota 212, zote zinaitwa f na namba ndeeefu. Nimeona kiatu cha bwana harusi, nimeona keki, bibi bado. Na MC katokea wa tatu!!! Yeye ndo kawahi kurudi!

Lensi Kavu: MC hafi huyo.

Kilo Mbili: Afadhali wewe tatizo lako programu. Mimi kamati ya harusi ya mwezi jana hawajamalizia laki mbili, na bado wanataka picha ZOTE hata zile mbovu, eti tumelipia.

Mama Albamu: Hao wa picha zote! Unawapa 300 safi wanauliza nyingine umempa nani.

Chaga Bite: Kamati usiikopeshe hata kivuli. Unatoa picha ukishalipwa, kwisha.

Kilo Mbili: Mhazini ni shemeji yangu mkuu, nifanyeje.

Chaga Bite: Daah. Hiyo laki mbili isamehe tu.

Lensi Kavu: Jamani nani ana betri ya Canon LP-E6 orijino, nina send-off Jumamosi na yangu imevimba.

Mzee wa Filamu: Ninayo. Njoo na hela mkononi, sitaki habari za shemeji.