Degedege la homa kwa mtoto, hivi zinki na vitamini E zinasaidia kweli?

Wakuu habari, naomba ushauri kwa mliopitia hili. Mwanangu ana mwaka na miezi saba, juzi usiku joto limepanda ghafla thamomita inasoma 39.6, sijamaliza hata kumvua soksi akakakamaa, macho yakageukia juu, povu mdomoni, ilikuwa kama dakika mbili ila mi niliona saa nzima. Bibi yake anataka kumtia kijiko mdomoni nikakataa, nikamlaza ubavu. Hospitali malaria hakuna, dokta akasema ni degedege la homa tu, huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na wengi huisha lenyewe wakikua. Sasa kuna jirani anauza virutubisho (na nyie mnawajua hawa watu) anasema homa inazalisha sumu za oksijeni zinazochokoza seli za ubongo, eti nimpe zinki, vitamini C na E kila siku, chupa elfu 45! Mi zinki naijua ile ya kuharisha ya siku 10. Kuna aliyeandikiwa hizi na daktari kwa ajili ya degedege? Na zikizidi kwa mtoto mdogo hivi si madhara, au nibaki na uji wake na mapapai?