Pikipiki ndefu, miguu mifupi: mnapandaje na mnashukaje?

MfupiLakiniNipo
Wakuu habari zenu. Nimehamia kwenye pikipiki ya Yamaha Ténéré 700, siti yake iko 875 mm toka chini na mimi mwenyewe ni cm 166 hapo nimeshavaa buti. Nikishakaa sio mbaya sana, ncha za vidole zinagusa, kazi ni ile kupanda na kushuka. Naona kuna wa kurusha mguu toka chini, kuna wa kukanyaga futresti (kile chuma cha kuwekea mguu) ya kushoto kama anapanda farasi huku stendi iko chini, na kuna wale wanaiondoa pikipiki itembee kwanza ndo wanarukia juu. Ipi bora? Juzi nimerusha mguu buti likanasa kwenye begi la nyuma nikabaki mguu mmoja hewani kama korongo, pikipiki inanilalia, mpita njia ndo akanisaidia kuishika.

Kipara_wa_Vumbi
Futresti mkuu, usihangaike. Hakikisha stendi imefika mwisho, iache kwenye gia ya kwanza injini imezimwa ili isijisogeze mbele stendi ikajikunja, shika hendeli zote mbili, mguu wa kushoto juu ya futresti, simama wima kabisa halafu ndo pitisha wa kulia. Kosa la wengi wanajivuta na mikono kutokea nje badala ya kuinuka na mguu, mwili unaning'inia kushoto uzito wote unakula stendi.

Fundi Springi
Hapo ndo tunapoachana na Kipara. Vitabu vya mwongozo vya BMW vinasema wazi kwamba stendi ya pembeni imetengenezwa kubeba uzito wa pikipiki tu, sio na mtu juu yake. Mi nishapokea pikipiki ambazo pale stendi inaposhikwa na fremu pamepinda, ukiangalia unaona inalala kushoto kupita kawaida, na mwenyewe anashangaa imeanza lini. Hiyo ni kwenye ardhi ngumu, kwenye mchanga au udongo uliolowa ndo balaa, unakanyaga stendi inazama na wewe uko juu. Kama huna njia nyingine basi fanya hivyo ila weka kibao chini ya stendi na usirukeruke.

mamaGia
Mdogo wangu mimi nina cm 158 na naendesha Honda Africa Twin, siti nimeiweka ile nafasi ya chini, 850 mm. Sirushi mguu wala sipandi farasi. Nasimama karibu kabisa na tanki, mkono wa kushoto kwenye hendeli, naegemeza kifua mbele kidogo, goti la kulia nalikunja nalipitisha JUU YA SITI sio nyuma ya mkia. Kisigino kikishavuka naliacha paja liteleze lenyewe. Hilo begi lako ndo adui, mguu hauna haja ya kwenda huko nyuma. Suruali ya kubana itakugomea, hilo nakwambia mapema.

Kushuka sasa, wengi ndo wanaangukia hapo. Shusha stendi ukiwa bado umekaa, isukume na kisigino mpaka igome, ilaze taratibu mpaka usikie imebeba, geuza hendeli kushoto, telezesha nyonga kushoto mguu utue chini wote, ndo uvute wa kulia ukiwa umekunja goti. Ukishuka kabla stendi haijabeba basi uko peke yako na kilo mia mbili na ushee.

Kipara_wa_Vumbi
Fundi umeongea kweli kuhusu mchanga sikatai. Lakini mwenye nyonga ngumu kama mimi goti halikunjiki hivyo dada, miaka imeenda 😂

trela_moja
Na ile ya kuianza ikitembea? Mguu wa kushoto kwenye futresti, unaachia klachi kidogo inasogea, ikishapata mwendo inakaa wima yenyewe ndo unapitisha mguu. Naitumia kwenye mlima nikiwa peke yangu na inakubali sana, hakuna uzito wa kubeba. Ila kwenye kokoto au mbele ya watu siithubutu, na usijifunzie na mzigo.

Fundi Springi
Tena kabla hujakimbilia kubadilisha linki ya nyuma (vyuma vinavyounganisha springi na gurudumu) ili pikipiki ishuke, jua stendi itakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki itasimama wima mno, upepo tu unaitupa kulia. Ukishusha nyuma unafupisha na stendi, na foku (mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele) nazo unazipandisha kwenye klempu zinazozibana, la sivyo mbele inabaki juu na usukani unakuwa mzito kukata kona. Anza na siti ya chini na buti lenye soli nene.

mamaGia
Na ukisimama angalia mguu unatua wapi. Mi ya kwanza kuiangusha nilikuwa nimeshapanda vizuri kabisa, nikasimama, mguu ukakuta shimo. Mmoja ukitua wote inatosha, telezesha makalio upande huo, habari ya kugusa na vidole vya miguu yote miwili achana nayo.

MfupiLakiniNipo
Nimerudi. Begi nimelitoa, nimejaribu ya mamaGia kama mara ishirini pembeni ya ukuta, upande wa kulia ndo ukuta ili ikienda huko inaegemea. Kupanda nimeiweza. Kushuka buti la kulia bado linakwaruza siti, nishaiachia mistari miwili. Halafu abiria je, apande kabla yangu au baada?

mamaGia
Baada yako, siku zote. Stendi ipandishe, miguu ikae sawa, breki ya mbele umeshika, ndo umwambie apande, asipande mpaka umwambie. Akushike mabega na ainuke karibu na wewe, akijitupa toka mbali mtalala wote. Na wakati wa kushuka yeye ndo anatangulia.

trela_moja
Wa kwangu alipanda nikiwa bado nafunga helmeti. Sitaki kuongelea.