MJADALA: Bitter Sweet Symphony, Richard Ashcroft alidhulumiwa au alijitakia?

Mzee wa Santuri
Wakuu, salaam. Wimbo huu ukitajwa tu, watu wanarudia hadithi ile ile: kijana wa watu kanyang'anywa jasho lake na matajiri. Mimi sikubali. Aliingia sokoni na mali yenye mwenyewe.

Kwa wasioujua mkasa: The Verve, bendi ya Wigan, Uingereza, mwimbaji akiwa Ashcroft, walirekodi wimbo huu Olympic Studios, London, maprodyuza wakiwa Chris Potter na mwingine aitwaye Youth. Wimbo ukatoka Juni 1997. Msingi wake ni sampo (kipande kilichokatwa kwenye rekodi nyingine) ya fidla kutoka rekodi ya 1965 ya Andrew Oldham Orchestra, okestra ya meneja wa Rolling Stones, ambayo ni The Last Time ya Rolling Stones iliyopigwa kiokestra. Ruhusa ya rekodi waliipata Decca, kampuni yenye rekodi ile. Ruhusa ya utunzi ilikuwa kwa Allen Klein, meneja wa zamani wa Rolling Stones, na kampuni yake ya ABKCO, na albamu imekamilika hawajaipata. Klein akakaza. Haki zote za utunzi zikaenda kwake, utunzi ukaandikwa Jagger na Richards wa Rolling Stones, Ashcroft akabaki na jina kwenye maneno tu na dola 1,000. Hadi 2019 ndipo haki zilipomrudia.

Swali langu ni moja: kosa la nani?

Dada Kibwagizo
Shikamoo mzee. Hapo pa "mali yenye mwenyewe" hujanitendea haki. Mwenyewe nani? Weka The Last Time ya Rolling Stones usikilize mwanzo mwisho. Gitaa, besi, ngoma, sauti. Fidla hata moja hakuna. Zile zinazotutoa machozi zilipangwa na David Whitaker kwa ajili ya okestra ya Oldham. Jagger hakuandika noti ile, Richards hakuiandika, na Klein ndiyo kabisa, yule alikuwa mhasibu.

Tena hiyo The Last Time yenyewe ina mama yake. Ni wimbo wa injili waliouimba Staple Singers wa Chicago, na Richards alikiri kwamba waliuchukua na kuugeuza. Staple Singers walilipwa asilimia ngapi? Ukianza kuhesabu wenye mali, hesabu wote.

Fundi Mitambo
Dada, hasira zako nazielewa ila unachanganya vitu viwili. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Moja ni ya utunzi, melodi na maneno, hata kama hakuna aliyewahi kuupiga. Nyingine ni ya masta, sauti yenyewe iliyonaswa. Ukikata sekunde nne za santuri ya mtu umegusa zote mbili, kwa hiyo milango ya kubisha hodi ni miwili. Verve wakabisha mmoja.

Na ukiwaita wapigaji wako wazipige upya fidla zile, umekwepa mlango wa masta tu. Wa utunzi uko pale pale, kwa sababu Oldham aliiuza rekodi ile kwa jina la The Last Time. Mpangilio wa wimbo wa mtu huhesabiwa kwa mwenye wimbo, isipokuwa kuwe na makubaliano mengine ya maandishi.

Ila tuseme ukweli, wakuu. Kusampo ni njia ya mvivu. Bendi yenye mpiga gitaa kama Nick McCabe inakwenda kuokota santuri ya watu ya nini?

Biti Kali
Njia ya mvivu??? Fundi, na jina lako lote hilo?

Hebu tuongee kazi. Wimbo unakwenda karibu pigo 86 kwa dakika. Baa moja ya pigo nne ni sekunde 2.79, baa nne ni sekunde 11 na ushee. Sasa chukua rekodi ya okestra ya 1965. Watu waliipiga kwa mkono, haina metronomu (kihesabu pigo) ndani, baa ya kwanza na ya nne hazilingani. Ukikosea kukata kwa milisekunde 20 tu na ukaiacha lupu, kile kipande kinachojirudia, izunguke yenyewe, mzunguko wa kumi umeshateleza milisekunde 200, ngoma iko huku fidla ziko kule. Kwa hiyo unatafuta mahali pa kukata kwa sikio, kwenye pigo lenyewe, pasipo na mkia wa noti unaoning'inia. Ukikata katikati ya mkia unasikia "tk" kila baada ya sekunde 11. Msikilizaji hatajua kinachomkera ni nini, atazima tu.

Bado sauti. Ukipunguza kasi ya sampo kwa njia ya kizamani, kila asilimia 6 inashusha nusu toni. Okestra nayo haikuwa imekaa kwenye hezi 440, kipimo chako cha kutyunia. Ukiliweka gitaa juu yake linasikika chafu, hivyo ni ama unavuta sampo au bendi nzima inatyuni kufuata sampo. Bado besi: rekodi ya zamani imekuja na besi yake ndani, usipokata kule chini, kuanzia kama hezi 150 kushuka, itagombana na besi ya Simon Jones na wimbo mzima utakuwa tope.

Na baada ya hapo Wil Malone akaandika fidla mpya, wapigaji wa kweli wakakaa Olympic wakazipiga juu ya lupu, magitaa yakaja, ngoma za Pete Salisbury, sauti za Ashcroft zikapangwa tabaka juu ya tabaka. Mvivu hafiki huko.

Nyuzi Sita
Biti kamaliza kuhusu kukata, mimi niongeze pa kutunga. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja kwenye gitaa, ni nne: E, Bm, D, A. Zinaanza, zinazunguka, zinaisha nazo. Beti na kibwagizo vina kodi zile zile! Jaribuni kuandika wimbo wa karibu dakika sita hivyo uone. Kwa kawaida kibwagizo kinainuka kwa sababu kodi zimehama. Hapa haziwezi kuhama, lupu imewafunga. Ikabidi kuinuka kutoke kwingine: melodi inapanda, sauti zinaongezeka, gitaa linaingia pembeni na kutoka. Melodi hiyo ni ya Ashcroft. Haimo kwa Rolling Stones, haimo kwa Oldham.

Fundi Mitambo
Biti, ugumu wa kazi haukupi umiliki. Kukata lupu vizuri ni ufundi, hilo nakupa. Ila ondoa ile lupu, uwaachie gitaa na sauti. Wimbo unabaki? Hapo ndipo Klein alipokuwa na nguvu mezani.

Biti Kali
Umehama, Fundi. Ulisema mvivu. Lijibu hilo kwanza.

Fundi Mitambo
Nimesema njia ya mvivu, sijasema mtu mvivu. Njia inayoanza na hisia iliyokwisha kutengenezwa na mwingine. Fidla zile zilishakuwa na huzuni yake kabla Ashcroft hajafungua mdomo.

Biti Kali
Huzuni? Kaisikilize rekodi ya Oldham yote, siyo sekunde zile tu. Wapi huzuni? Ni muziki mwepesi. Huzuni ililetwa na kodi ya Bm, na ngoma nzito, na sauti ya Ashcroft inayoimba kama mtu aliyechoka. Prodyuza kaona ndani ya santuri kitu ambacho walioipiga hawakukiona. Hiyo ndiyo kazi ya kusampo, na wanaoidharau hawajawahi kushika mashine wakaimaliza.

Mzee wa Santuri
Ndugu zangu, mada yangu mmeiacha getini. Sijauliza kama kusampo ni kazi. Nimeuliza kosa la nani.

Utaratibu hauna siri. Wimbo ukiwa bado demo, rekodi ya majaribio, unaandika sekunde ngapi umechukua, zinarudi mara ngapi, kama ndizo zinazofungua wimbo. Unatuma hiyo demo kwa mwenye masta na kwa mwenye utunzi. Mnakubaliana mgawo wa kila upande na malipo ya kutangulia. Mnasaini. Halafu ndiyo unamiksi, unachapisha CD, unapiga video. Ukigeuza mpangilio huo, kila hatua unayopiga inampandishia bei mwenye haki, kwa sababu anajua huwezi kurudi nyuma. Simon Jones, mpiga besi wa The Verve, alieleza kwamba waliambiwa nusu kwa nusu, kisha wimbo ulipoonekana unakwenda wakaambiwa yote au ondoeni dukani. Ilikuwaje wimbo ukafika dukani wakati neno la mwisho la Klein bado?

Dada Kibwagizo
Mzee, kwa hiyo aliyeacha mlango wazi ndiye mwizi? Ruhusa ilichelewa, sawa, bendi na kampuni yao walizembea. Adhabu ya uzembe ni mgawo mbaya. Robo, nusu, hata robo tatu. Asilimia 100 kwa watu ambao hawakutunga melodi wala neno, hiyo haiitwi adhabu.

Na tazameni wiki ile ile. Wimbo uliingia namba 2 Uingereza. Namba 1 ilishikwa na nani? Puff Daddy na I'll Be Missing You, ambayo nayo imejengwa juu ya sampo ya The Police! Hakuomba ruhusa mapema, na mirabaha ya utunzi ikaenda kwa Sting, mwimbaji wa The Police. Ila gitaa tunalolisikia pale, zile noti zinazopigwa moja moja, ni la Andy Summers, mpiga gitaa wa The Police. Summers hayumo kwenye utunzi, kwa hiyo senti ya utunzi hakupata, na amelilalamikia jambo hilo hadharani. Nyimbo mbili za juu kabisa za nchi, zote mbili aliyetengeneza kipande kilichosampowa hayumo kwenye karatasi. Whitaker huku, Summers kule.

Mtoto wa Dansi
Dada umegusa penyewe. Hili hatuhitaji kwenda London kulitafuta. Muziki wa dansi wetu wote umejengwa hivi. Mtunzi anakuja mazoezini na maneno na melodi. Mpiga solo anakaa, anatafuta, anatoa ile ngoma ya gitaa inayofungua wimbo, ndiyo hiyo hadi leo ikilia harusini watu wanaacha sahani. Besi na rizimu wanaijibu. Jina la mtunzi moja. Leo kijana anakuja kusampo zilipendwa, anachukua nini? Hachukui beti hata siku moja. Anachukua solo! Na akilipa, kama akilipa, analipwa mtunzi.

Fundi Mitambo
Mtoto wa Dansi, polepole. Mpiga solo alilipwa na bendi kupiga. Ukianza kuwagawia utunzi wote waliokuwa chumbani, wimbo mmoja utakuwa na warithi 15 na hakuna prodyuza atakayewapata wote wasaini. Wimbo utakufa kabatini.

Mtoto wa Dansi
Kwa hiyo kwa sababu kuwatafuta ni kazi, tusiwalipe? Sikutegemea neno hilo litoke kwa fundi.

Nyuzi Sita
Naomba tusivunjiane heshima. Hoja ya Fundi ya warithi ni ya kweli, ila ina dawa na haina gharama: karatasi ya mgawo. Siku wimbo unapokwisha kutungwa, kabla mtu hajatoka mlangoni, mnaandika majina na asilimia, jumla iwe 100, kila mtu anasaini, mnaweka tarehe. Mkisubiri wimbo upendwe hamtakubaliana tena, kila mtu atakumbuka kivyake. Malaika mpaka leo watu wanavutana, Fadhili William au Adam Salim, kwa sababu kilichobaki ni kumbukumbu za watu.

Biti Kali
Malaika ni ya Fadhili.

Dada Kibwagizo
Aliirekodi Fadhili. Kurekodi na kutunga ni mambo mawili, Fundi katufundisha hapo juu. Adam Salim alishikilia kwamba ni yake.

Mzee wa Santuri
Jamani. The Verve.

Biti Kali
Mzee, The Verve ndiyo hii hii tunayoongea. Na hujajibu la Whitaker tangu mwanzo.

Mzee wa Santuri
Nalijibu. Mpangaji wa zama zile alipewa ujira wa siku, akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa masharti ya kazi. Siyapendi, lakini huwezi kumlaumu Klein kwa masharti ambayo kila studio ya London ilikuwa nayo.

Kwa Ashcroft ni tofauti. Aliyekuwa na utunzi ana uwezo mwingine ambao watu hawauoni: matangazo. Mwenye biashara akitaka wimbo kwenye tangazo anahitaji masta na utunzi. Bendi ikikataa kutoa masta, mwenye utunzi anaweza kuruhusu watu wengine waurekodi upya, tangazo likaenda hewani vilevile. Ndiyo maana ukipoteza utunzi, hata masta uliyobaki nayo inapungua nguvu. Nike waliutumia wimbo huu. Kwa mtunzi anayejua anachosaini, dola 1,000 asingeigusa.

Dada Kibwagizo
Angefanya nini sasa, mzee? Sema alichotakiwa kufanya.

Mzee wa Santuri
Kuitoa sampo. Fidla za Malone zilikuwepo tayari. Anaandika noti zake mpya juu ya kodi zile zile nne, kodi hazina mwenyewe, anaacha melodi yake na maneno yake. Wimbo wake asilimia mia.

Nyuzi Sita
Hapo mzee hapana. Kufikia hapo redio zimeshaupokea, video ya Walter Stern imeshapigwa Hoxton, Ashcroft anatembea anagonga watu mabega, mwendo wote umefuata lupu ile. Na fidla za Malone ziliandikwa kuitikia lupu, zikibaki peke yake zina matobo pale lupu ilipokuwa inasema. Huwezi kutoa nguzo ukabaki na paa. Ilitakiwa iamuliwe siku ya kwanza ya kurekodi.

Fundi Mitambo
Siku ya kwanza ya kurekodi, ndiyo. Na ndiyo siku ambayo ilitakiwa simu ipigwe ABKCO.

Mtoto wa Dansi
Na Whitaker apigiwe simu siku gani?