MREJESHO: Nimeshahamia Windows 11

Wakuu, niliwauliza kama kuna haja ya kuhamia Windows 11 wakati 10 bado inapiga kazi. Nimehama. Kilichonisukuma ni ile tarehe 14 Oktoba 2025, msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 (masasisho ya usalama) ulipofika mwisho.

Mwanzoni iligoma: eti kompyuta haina TPM 2.0, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka. Kumbe ipo, ilikuwa imezimwa tu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta)! Nikaiwasha, ikakubali. Mafaili yote yapo, ingawa nilishayanakili kwenye diski ya nje (siamini mtu).

Kasi? Sioni tofauti. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 ndiyo inayoniangusha. Nikifungua kurasa tano tu feni inaanza kuunguruma. Kitufe cha Start kukaa katikati kilinikera, nikakirudisha kushoto siku hiyohiyo. Sasa natafuta RAM ya kuongeza.