Mchawi wa aina ya Granny Weatherwax: Warlock, Druid, Bard au Witch wa Pathfinder?

bahari_na_dadu
Habari zenu wakuu. Tunaanza kampeni mpya (hadithi ndefu ya mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu), tuko wachezaji wanne na DM anayeuendesha, tunaanzia levo ya 3, na DM kasema yuko tayari kuendesha D&D (Dungeons & Dragons) toleo la tano au mchezo mwenzake Pathfinder toleo la pili, tuchague wenyewe. Mimi nataka kucheza bibi mchawi ila siyo wa kurusha moto, nataka wa aina ya Granny Weatherwax wa vitabu vya Discworld vya Terry Pratchett. Kwa ambao hamjamsoma, alianza kuonekana kwenye Equal Rites mwaka 1987, anaishi peke yake kwenye kaufalme kadogo ka milimani kanaitwa Lancre, anazalisha wanawake, anatibu watu na mifugo, anakesha na wanaokata roho, hela hapokei ila ukimpelekea nguo kuukuu au chakula anachukua. Uchawi anao mwingi mno lakini anautumia pale tu njia zingine zimegoma, mara nyingi anamshinda mtu kwa kumjua kuliko mtu mwenyewe anavyojijua.

Ninachotaka karakta awe nacho: kusoma watu na kuwaweka sawa bila speli (tendo la uchawi), hicho ndo cha kwanza. Halafu ile Borrowing yake, mwili unabaki kitandani kama maiti na akili inaenda kukaa ndani ya bundi au mbweha. Na dawa. D&D haina klasi (aina ya karakta) ya mchawi wa hivi, kitabu cha sheria cha wachezaji, Player's Handbook ya 2014, ina klasi 12 na hakuna inayoitwa Witch, ndo maana nauliza. Mngechagua ipi?

kete_ishirini
Warlock, yule anayepewa nguvu na patroni (kiumbe mkubwa), bila kufikiria mara mbili. Levo ya 3 unachukua Pact of the Chain, unapata mnyama wako mwenza, na ukiongeza Voice of the Chain Master unaona kwa macho yake, unasikia kwa masikio yake, hata kuongea kupitia kwake unaweza, na umbali siyo tatizo mradi mko ulimwengu mmoja. Hiyo ni Borrowing tayari aisee, na haili sloti (nafasi za kurusha speli). Beast Speech inakufanya uongee na wanyama muda wote. Halafu kuna speli inaitwa Hex kabisa, unamlaani mtu na kila ukimpiga anaumia d6 (dadu ya pande sita) ya ziada, na unachagua uwezo wake mmoja, akijaribu kuutumia anarusha dadu mbili anachukua ndogo. Siyo kwenye dadu za kujinusuru (za kukwepa madhara) lakini, wengi wanacheza hiyo vibaya.

Sloti ni mbili tu hadi levo ya 10 ila zinarudi kila mkipumzika kidogo, na mchawi wako si umesema hapendi kutumia uchawi hovyo? Basi mbili zinamtosha.

Salma_wa_Kilifi
Mi naona mnajitesa, Pathfinder wako na Witch kamili jameni. Iliingia toleo la kwanza kupitia Advanced Player's Guide ya 2010, kwenye toleo la pili ikaja 2020, na sasa hivi iko kwenye Player Core pamoja na klasi za msingi. Sheria zote unazisoma bure kwa tovuti ya Archives of Nethys, huhitaji kununua kitu, na kwa watu wa huku ambao kitabu kimoja kikishafika na ushuru bei yake inakutoa machozi hiyo si jambo dogo.

Vile inafanya kazi: speli zako hazikai kichwani, zinakaa kwa mnyama wako, kila asubuhi unakaa naye ndio upange za siku. Mnyama akiuawa patroni wako anamrudisha ukijiandaa siku inayofuata, tofauti na toleo la kwanza ambapo ulikuwa unalipa dhahabu 500 mara levo yako. Halafu una laana zako, moja kwa kila zamu. Ukichukua feat (uwezo wa ziada) ya Cauldron unatengeneza dawa kuanzia levo ya kwanza, hapo la tatu kwa orodha yako limeisha. Chagua patroni wa Wilding Steward upate speli za asili, na bibi wako wa kijijini amekamilika. Ubaya wake ni uhai, pointi 6 tu kwa levo, so usisimame mbele.

Fundi_Mezani
Nimewasoma wote na nina heshima na mlichosema, ila wote mmempa huyu bibi patroni. Warlock ana patroni, Witch wa Pathfinder ana patroni, yani kuna mkubwa mahali fulani anayemgawia nguvu. Sasa Weatherwax anadaiwa na nani? Hakuna. Wachawi wa Lancre hawana hata kiongozi, na yeye ndo kiongozi ambaye hawana, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Nguvu zake ni zake, alizifanyia kazi mwenyewe toka msichana, na hofu yake kubwa ni kwamba siku moja atazitumia vibaya, soma Witches Abroad uone dada yake alivyozitumia. Ukimwekea bosi wa kumtumikia ile hofu inaondoka, maana akiharibu lawama anapewa bosi.

Mimi nasema Bard, klasi ya msanii anayeroga kwa maneno na muziki, tawi la College of Lore. Najua mtaniambia Bard ni mpiga gitaa, lakini hakuna ulazima wa gitaa, sheria zinakuruhusu kutumia mfuko wa vifaa vya speli badala ya ala, na mfuko wa bibi huyu ni mizizi na uzi na mfupa wa kuku, basi. Angalia unachopata. Levo ya 3 una Expertise, bonasi yako inazidishwa mara mbili kwenye ujuzi mbili, weka Insight (kusoma watu) na Intimidation (kutisha). Lore inakupa ujuzi tatu nyingine juu, chukua Medicine (tiba), Nature (mambo ya asili), Animal Handling (kushughulika na wanyama). Hapo hujagusa speli hata moja na tayari huyu bibi akimwangalia mtu anajua kalala wapi jana.

Halafu Cutting Words. Jambazi anarusha dadu ya kushambulia, wewe unasema neno moja tu, dadu yako inatolewa kwenye yake. Masharti ni kwamba lazima awe anakusikia. Hiyo ndo Weatherwax mtupu, mtu ana panga mkononi na anakosa kwa sababu bibi kamuuliza mama yake angesemaje. Kwenye meza ninayoendesha mimi tulikuwa na bibi wa hivi, wanakijiji wanalia kisima kimelogwa, watoto wanaharisha. Mchezaji hakurusha speli yoyote. Alirusha Nature akajua maji yamechafuka kwa sababu zizi liko juu ya kisima, lakini akajua pia akisema "hamisheni zizi" mwenye ng'ombe atagoma, ni mtu mkubwa pale. Basi akatangaza laana ile inakufa kwa maji yaliyochemka mpaka yaimbe, na kwamba inaingia kijijini kwa kupitia kwenye kwato, kwa hiyo ng'ombe wasikae juu ya maji mpaka mvua mbili zipite. Akarusha Intimidation, akapata 24. Zizi lilihama jioni ile ile na mwenye ng'ombe ndo alikuwa anasimamia.

Kuhusu Borrowing, speli iliyo karibu kuliko zote ni Beast Sense. Unamgusa mnyama aliyekubali, unaona na kusikia kupitia yeye mpaka saa nzima, na wakati huo mwili wako hauoni wala hausikii, umekaa tu pale. Ndo hasa inavyokuwa kwenye vitabu, ndo maana Weatherwax anashika kikaratasi cha kuwaambia watu hajafa. Ni ya Druid (mchawi wa asili) na Ranger (mtu wa porini), lakini Lore levo ya 6 anachukua speli mbili kutoka klasi yoyote, na kwa kuwa Beast Sense ni ritual na Bard anaweza ritual, unaifanya bila sloti, dakika kumi za ziada tu.

druidi_wa_mlimani
Si basi acheze Druid moja kwa moja? Beast Sense anayo tayari levo ya 3, hana patroni, dawa anazo, Wisdom (busara) ndo uwezo wake mkuu kwa hiyo Insight yake iko juu bila kulazimisha.

Fundi_Mezani
Hoja ya Wisdom naikubali, Bard anabebwa na Charisma (mvuto) na Insight yake inategemea hiyo Expertise. Kinachonisumbua kwa Druid ni Wild Shape. Klasi nzima imejengwa juu ya kugeuka mnyama, na kugeuka siyo kuazima. Weatherwax mwili wake haugeuki, unabaki nyumbani, na hatari yote iko hapo, mtu anaweza kuingia akamkuta. Isitoshe kwa sheria za 2014 Druid haruki angani kabla ya levo ya 8, so bundi wako ni wa kusubiri.

kete_ishirini
Fundi umeongea vizuri ila hilo la patroni nalipinga. Lords and Ladies ya 1992 nzima ni vita yake na malkia wa elves, viumbe wazuri wa sura na wakatili wa roho. Chukua patroni aina ya Archfey, mkubwa wa viumbe kama hao, halafu mwambie DM kwamba hakuna mkataba uliosainiwa, bibi alipokuwa binti aliwaibia kitu kwenye duara la mawe, na nguvu anazotumia ni hizo, na wao wanazitaka zirudi. Patroni anakuwa adui wa kampeni nzima. Kwa sheria hubadilishi hata herufi moja, na DM unampa hadithi ya mwaka mzima bure. Bard wako hana adui yoyote aliyekuja naye mezani.

Na huyo Bard levo ya 3, 4 na 5 Borrowing anafanya na nini? Anasubiri?

Fundi_Mezani
Hilo la kuiba ni zuri sana kaka, ningeendesha kampeni hiyo kesho. Kwa levo tatu za kwanza, kama DM anaruhusu binadamu mwenye feat, achukue Magic Initiate ya Wizard, achague speli ya Find Familiar, inayomletea mnyama mwenza. Bundi wake anakuwepo mpaka auawe, na ndani ya futi 100 anaweza kuona kupitia kwake kwa kutumia action yake (tendo lake la zamu), naye kwa muda huo ni kipofu na kiziwi kwa mwili wake. Siyo kamili lakini inamfundisha mchezaji kuchagua nani amlinde wakati hayupo.

mama_wa_Shinyanga
Samahanini naingia kwa pembeni kidogo. Mimi nacheza na wanangu wakubwa na marafiki zao, na nimetokea Shinyanga, kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni ameweza kukatwa mapanga akaitwa mchawi, hizi siyo hadithi, zimetokea miaka mingi na mnazijua. Kwa hiyo kabla ya kampeni ongeeni mezani. Muulizane kama kutakuwa na kijiji kinachomgeukia bibi, mpaka wapi, na nani hataki kabisa. Kuna mtu mezani anaweza kuwa na nyanya yake aliyepitia hilo na hajawahi kuwaambia.

Halafu kwa mwanzisha mada, kama unawapenda hao wachawi wa Pratchett, soma The Wee Free Men ya 2003. Kuna bibi mmoja anaitwa Mrs Snapperly, alikuwa mzee tu, hana mtu, watu wakaamua ni mchawi, wakamfukuza nyumba yake ikaharibiwa, akafa kwenye baridi. Tiffany, mhusika mkuu, akiwa mtoto ndo akaamua atakuwa mchawi, ili jambo lile lisitokee tena pale kwao. Mimi nililia pale, sijifichi. Ukinipa mimi nichague, sababu ya karakta wako kuwa mchawi ningeiweka hapo kabla hata hujafungua kurasa za klasi, maana mtu aliyeanza kwa sababu ile hawezi kucheza kama mtu wa kutafuta nguvu, hata ukimpa Warlock.

Salma_wa_Kilifi
Shikamoo mama, hiyo imenigusa. Na hata kwa Pathfinder sheria zinakuachia patroni asijulikane kabisa, mchezaji mwenyewe anaweza asijue ni nani. So patroni anaweza kuwa hata kumbukumbu ya huyo bibi aliyekufa, kwa nini isiwe.

bahari_na_dadu
Mama shikamoo, na asante sana. Nimeongea na DM na wenzangu jana usiku, wote wamekubali kuwe na kijiji kinachoshuku ila hakuna kumchoma wala kumkata mtu mbele ya wachezaji, na hilo limeandikwa. Tumechagua D&D kwa sababu wawili kati yetu wanaijua tayari. Naenda na Bard wa Lore. Warlock mwizi wa nguvu amenivutia kweli, ila nikiangalia ninachotaka kufanya kila kikao, ni kuongea na watu, na hapo Lore ananipa vingi zaidi. DM kaongeza sheria moja ya mezani: nikipata Beast Sense levo ya 6, naruhusiwa kukaa zaidi ya saa moja, ila kila saa ya ziada narusha dadu ya Wisdom ya kujinusuru na inazidi kuwa ngumu, nikifeli naanza kusahau mimi ni nani, kama binti Eskarina alivyopotelea ndani ya tai kwenye Equal Rites. Nimeipenda hiyo mno.

Bibi ametokea kijiji ambacho mkunga wao alifukuzwa na yeye ndo alichukua mfuko wake. Sasa kimebaki speli, levo ya 3 nina sita, na cantrip (speli ndogo zisizokula sloti) mbili za Bard. Nisaidieni.

Fundi_Mezani
Cure Wounds, Speak with Animals, Animal Friendship, Sleep, halafu za levo ya pili Calm Emotions na Lesser Restoration. Suggestion (ya kumshawishi mtu kwa uchawi) iache kwanza, ukiwa nayo utaacha kuongea na watu, utawarushia speli tu. Cantrip chukua Vicious Mockery na Prestidigitation.

kete_ishirini
Suggestion achukue levo ya 5, na mara ya kwanza akiitumia DM amfanye aone aibu. Mengine yote nakubali.